Mboga ni Nini? Sahani moja katika gulio la Nyandira

Mama ntilie wa kwanza alitujibu kwa furaha kabisa. "Mboga zipo, wanangu, karibuni. Kuna nyama, kuna samaki, kuna maharage." Nilimtazama rafiki yangu, naye akanitazama. Tulikuwa tumeuliza, tena kwa Kiswahili cha kawaida tu, kama hapo kwake kuna chakula cha mboga.

Ilikuwa siku ya gulio Nyandira, tarafa ya Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Ukitoka Morogoro mjini unashika barabara ya Iringa, unaiacha pale Sangasanga, unapita Mlali, halafu gari linaanza kupanda kona kwa kona mpaka masikio yanaziba. Huko juu jua linawaka na bado unavaa sweta. Mashamba yamebandikwa kwenye miteremko kama viraka kwenye suruali, na ukimwona mtu analima kwa mbali unajiuliza amefikaje pale na atashukaje.

Rafiki yangu huyo nilisoma naye chuo. Ana miaka minne sasa hali kitu chochote kilichotoka kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Watu wa aina yake walijipatia jina Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake wachache walipojitenga na wale wasiokula nyama lakini wanaendelea kunywa maziwa, wakaunda chama chao na neno jipya la kujiita. Sisi huku tunalitamka vegani, tukilitamka kabisa. Wengine wanasema "wala majani", na si kwa heshima. Mimi mwenyewe nakula nyama. Nilipanda naye mlimani kwa sababu nilimwahidi kitu kimoja: kwamba Mgeta, mahali ambapo Dar es Salaam inapata sehemu kubwa ya kabichi na karoti zake, hawezi kushinda njaa.

Na kwa macho tu, ahadi yangu ilikuwa imetimia. Gulio lile lina safu mbili, ingawa hakuna aliyezichora. Ya juu, karibu na barabara, ni ya magunia na matenga: kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, koliflawa, na kwa msimu wake pichi na plamu. Huko ndiko zinakoegeshwa Fuso, ndiko madalali wanakopaza sauti, na ndiko utaiona lumbesa, lile gunia lenye kilemba ambalo serikali imelikataza mara nyingi na bado linapanda gari. Safu ya chini ni ya akina mama waliokaa kwenye viroba na vipande vya kanga, kila mmoja na mafungu yake: mnafu, matembele, kisamvu, majani ya maboga, nyanya chungu ambazo Morogoro wengi wanaziita ngogwe, magimbi yakiwa bado na udongo, kunde, fiwi, karanga, ndizi za kupika. Huku hakuna dalali. Ukiomba nyongeza unaongezwa majani mawili matatu kwa mkono, na maneno mazuri juu yake.

Yaani ukitoa kuku wachache waliofungwa miguu na meza moja ya dagaa, gulio zima lilikuwa la mimea. Shida ilianza tulipotaka kilichopikwa.

Kwa mama ntilie wa pili tulikuwa tumeshajifunza. Tukauliza maharage yana nini ndani. "Yana nazi?" Hapana, nazi huku ni ghali. "Yana nini basi?" Yana dagaa kidogo, yapate ladha. Wa tatu alikuwa na mchicha, lakini mchicha wenyewe ulikaangwa kwenye kikaango kilichotoka kukaanga samaki, na chai yake yote ilikuwa ya maziwa. Yeye ndiye aliyeniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za msiba: "Huyo mwenzio anaumwa nini? Vidonda vya tumbo?"

Basi swali langu likazaliwa hapo, kwenye benchi la mbao. Inakuwaje soko lililojaa mimea kiasi kile lisiwe na sahani hata moja isiyoguswa na mnyama? Nimelisumbukia tangu siku hiyo, na kadiri ninavyolifuata linanirudisha nyuma kwenye historia ya milima ile: nani alilima nini, kwa ajili ya nani, na nani alikula kilichobaki.

Tuanze na neno lenyewe, maana kosa la kwanza lilikuwa letu. Katika Kiswahili cha majumbani mwetu, mboga ni kile kinachosindikiza ugali. Mtoto akirudi shule anauliza "leo mboga nini?" na jibu linaweza kuwa nyama. Tunamwita mtoto wa tajiri "mtoto wa mboga saba", na hakuna anayedhani kwamba hizo saba ni aina saba za mchicha. Ukitaka majani inabidi uongeze neno, useme mboga za majani. Kwa hiyo mama ntilie wa kwanza hakutuelewa vibaya hata kidogo. Sisi ndio tulioleta swali la mahali pengine tukalivika neno la hapa.

Lakini neno halitoshi kueleza sahani. Inabidi kuuliza Waluguru wenyewe walikuwa wanakula nini kabla ya barabara ya Sangasanga.

Waluguru hawakuwa wafugaji wa ng'ombe. Miteremko yao haina malisho ya maana, na tambarare za chini upande wa mashariki na kusini zilikuwa na mbung'o, ambao huua ng'ombe. Walichofuga ni mbuzi na kuku, na hao hawakuwa wa kula ovyo. Kuku alikuwa wa mgeni, mbuzi alikuwa wa shughuli: harusi, msiba, matambiko, kumaliza ugomvi. Siku nyingine zote za mwaka watu walikula kilichotoka ardhini. Na ardhi yenyewe, kwa Waluguru, ilifuata mama. Ukoo unahesabiwa upande wa mama, na haki ya kulima mteremko fulani ilipita humo humo, ndani ya ukoo wa mama. Hata leo, pamoja na hati na mahakama, ukikaa na wazee wa huko utasikia mashamba yakitajwa kwa koo.

Tunapenda kuita vyakula hivi "vya asili", na hapo pia tuwe waangalifu. Mtama, kunde na njugu mawe ni vya Afrika kweli. Ndizi na magimbi asili yake ni Asia, vilifika kwetu zamani sana hata tukasahau kwamba ni wageni. Mahindi, muhogo, maharage, karanga na maboga ni vya Amerika, vilivuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao, kuanzia karne ya 16. Kwa hiyo ugali wa sembe na maharage, mlo ambao Mtanzania anaapa kwamba ni wa babu yake, babu wa babu yake huenda asingeutambua. Kilicho cha hapa kabisa ni ujuzi. Mtu aliyegundua kwamba kisamvu lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu ndipo sumu ya muhogo itoke, na kwamba karanga za kutwanga zinaondoa ukali wa majani, hakupewa maelezo na Mreno. Aligundua mwanamke fulani jikoni, kisha akamwambia binti yake.

Sasa ingia barabarani. Milima ya Uluguru ilikaa pembeni mwa njia kuu za misafara kati ya pwani na bara. Burton na Speke mwaka 1857 walipita kusini ya milima, Zungomero. Stanley mwaka 1871, akienda kumtafuta Livingstone, alipita kaskazini na kuukuta mji wenye ngome wa Simbamwene, ulioanzishwa na Kisabengo, karibu na hapa ilipo Morogoro ya leo. Misafara hiyo yenye mamia ya wapagazi haikuweza kubeba chakula cha safari nzima, ilinunua njiani. Mgao wa kila mpagazi uliitwa posho. Ndiyo, posho ile ile ambayo leo inagombaniwa kwenye vikao na semina ilikuwa kibaba cha nafaka cha mtu mwenye mzigo kichwani.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na tambarare zikafunguliwa kwa mashamba ya mkonge. Manamba waliokata mkonge nao walilishwa kwa posho, na posho hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa unga na maharage. Ukifuata mstari huo mbele utaukuta kwenye jela, kwenye kambi, na kwenye shule za bweni. Nani kati yetu aliyesoma bweni asiyekumbuka maharage yenye wadudu na ugali wa kukata kwa koleo? Nadhani hapo ndipo mlo wa mimea ulipoanza kubeba maana ambayo haukuwa nayo nyumbani. Nyumbani ulikuwa chakula tu. Kambini ukawa chakula cha mtu ambaye hakuulizwa anataka nini.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mama ntilie hapiki anachokula kwake. Anayeketi kwenye benchi lake ametoka kuuza gunia, ana hela mkononi, na hela hiyo inataka kumwambia kwamba leo siyo kama jana. Anataka nyama. Akikosa nyama anataka dalili ya nyama, na dagaa watano kwenye maharage ni dalili tosha. Kumuuzia magimbi matupu ni kama kumtukana.

Kuna jambo la pili ambalo Mgeta inalionyesha waziwazi kuliko pengine, nalo ni ile safu ya juu ya gulio. Kabichi, karoti, koliflawa na njegere hazikuja mlimani kwa sababu Waluguru walizitamani. Zilikuja enzi za ukoloni, kupitia wamisionari na walowezi waliogundua kwamba baridi ya Mgeta inafanana kidogo na ya kwao. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walifika Morogoro mwaka 1882, kisha wakaendelea kupanda milimani. Mboga za Kizungu zililimwa ili ziteremshwe: kwa mapadre, kwa maofisa, kwa mahoteli, baadaye kwa Wahindi na watu wengine wa mjini. Zilishuka kwa miguu, vichwani na mabegani, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha mbuzi anateleza. Leo zinashuka kwa Fuso. Zinakokwenda ni kule kule. Bibi anayelima koliflawa Nyandira anaweza kuwa hajawahi kuionja, na ukimuuliza inapikwaje atakucheka.

Kwa hiyo zile safu mbili za gulio ni historia mbili zilizowekwa bega kwa bega. Ya juu ni chakula kilicholimwa kwa ajili ya watu wengine, ndiyo yenye bei, ndiyo yenye dalali. Ya chini ni chakula ambacho watu walijilimia wenyewe, na mpaka leo kinauzwa kwa fungu, kwa majirani, kwa bei ya jirani. Rafiki yangu wa Dar, anapoingia supamaketi na kununua kabichi na karoti, anakula kutoka safu ya juu. Alichokuja kutafuta bila kujua kilikuwa safu ya chini.

Kati ya safu hizo mbili kuna mwaka 1955, na siwezi kuupita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru unateremka na maji ya mvua kuingia mito inayolisha Ruvu. Hofu yenyewe haikuwa ya uongo, mto huo ndio unaonywesha Dar es Salaam hadi leo. Dawa yao ilikuwa mpango wa matumizi ya ardhi ambao kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi. Watu walitakiwa kuyachimba kwenye mashamba yao wenyewe, kwa jembe la mkono, kwa amri, na aliyekaidi aliadhibiwa. Kilichosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya milima ile ina udongo mwembamba. Ukichimba tuta unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule usio na nguvu. Watu walitoka jasho, kisha wakavuna kidogo kuliko mwanzo.

Upande wa Mgeta, ambako kulikuwa na mifereji ya maji na mboga za kuuza, matuta yalikuwa na faida yake, na watu walikuwa na ngazi zao za kulimia hata kabla ya kuamriwa. Upande wa Matombo, mashariki, ambako mteremko ulilimwa mahindi, mpunga wa mlimani na muhogo wa kula nyumbani, matuta yalikuwa njaa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakaletwa, na mtu akapoteza maisha. Mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu Julai 1954, ilipata masikio mengi milimani baada ya hapo. Mtafiti Pamela Maack aliandika sura nzima juu ya mgogoro huo, na kichwa alichokichagua kinasema kwa sauti ya wanakijiji wenyewe kwamba hawataki matuta.

Tunapousimulia mwaka huo tunausimulia kama hatua ya kuelekea uhuru, na ni kweli. Lakini ukiwa umekaa Nyandira na njaa unauona kwa upande mwingine. Watu wale walikuwa wanagombania sahani. Walikuwa wanatetea kunde, muhogo na majani yanayoota katikati ya mahindi, vitu ambavyo bwana shamba hakuvihesabu kama mazao kwa sababu havikuwa na bei. Mnafu haukuwahi kuwa na afisa wake. Unaota wenyewe penye rutuba, mama anauchuma akirudi shamba, na tuta likipinduliwa udongo wa chini, haupo.

Hadi hapa naweza kuonekana kama namwandikia rafiki yangu utetezi: tazama, mababu wa Uluguru walikuwa vegani, tumepotoshwa na wakoloni, turudi kwenye majani. Nilimwambia hivyo hivyo kwenye benchi, nikijifurahisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. "Usiwasingizie," alisema. "Mimi nyama naiacha sahani ikiwa mezani. Wao sahani haikufika."

Ana haki, na kuna historia nyingine inayompa haki. Baada ya uhuru serikali ililiona tatizo la lishe mapema. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria mwaka 1973. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakikaa kwa vikundi kusikiliza redio na kujadili kilichomo sufuriani mwao. Mafunzo ya aina hiyo hayakudharau mimea. Maharage, karanga na mboga za majani vilipewa nafasi yake, na sayansi iko upande wao: mahindi yana upungufu wa lisini, maharage yanayo, kwa hiyo makande ya bibi ni mlo uliopigiwa hesabu nzuri ingawa bibi hakuijua hesabu hiyo kwa jina. Ila kuna vitu mimea peke yake haitoi. Vitamini B12 ni kimoja, na rafiki yangu anaimeza kwa kidonge alichonunua duka la dawa mjini. Mtoto wa Nyandira hana kidonge.

Ndiyo maana, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wakishirikiana na Wanorwe, walipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa. Walichagua mbuzi kwa sababu anakaa kwenye banda dogo na anakatiwa majani, hahitaji malisho mapana ambayo mlima hauna. Mbuzi hao wapo mpaka leo, tuliwasikia wakilia nyuma ya nyumba wakati tunapanda, na maziwa yao ndiyo yaliyoingia kwenye ile chai ambayo rafiki yangu aliikataa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ukiwa na idadi hiyo kichwani, ukiwa umezungukwa na magunia ya karoti yanayosubiri gari, maneno matamu juu ya lishe ya mababu yanakwama kooni.

Kwa hiyo ni nini hasa ninachokitetea? Si kwamba watu wa Mgeta waache nyama. Wengi wao hawajaishika vya kutosha hata waiache. Ninachokitetea ni ile safu ya chini, isihesabiwe tena kama alama ya kukosa. Chakula kinachoonewa aibu hupotea kwanza kwenye benchi la mama ntilie, kisha kwenye harusi, kisha kwenye midomo ya watoto, na mwisho kabisa shambani. Leo bado kuna mama anayejua majani gani ya maboga ni ya kuchuma na yapi yameshakomaa, namna ya kumenya nyuzi zake, na karanga kiasi gani zinatosha. Binti yake anauza vocha na anapika tambi. Simlaumu. Nimemwona mwalimu wangu mwenyewe akificha kiporo cha magimbi kwenye mfuko mweusi ili wenzake ofisini wasimwone.

Turudi kwenye benchi. Ilikuwa inakaribia saa tisa, gulio linaanza kukunjwa, na rafiki yangu alikuwa amekula ndizi mbivu nne na karanga za kukaanga za mia tano. Mimi nilikuwa nimeagiza ugali na nyama kwa mama ntilie wa mwisho, yule wa pembeni kabisa karibu na njia ya kuteremkia mtoni, na nilikuwa nakula kwa aibu. Nyuma ya turubai lake, mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda na mjukuu wake, wanakula kutoka kwenye bakuli moja. Rafiki yangu akachungulia.

"Shikamoo mama. Hicho mnachokula ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Hiki?" Alikivuta bakuli karibu yake, kama anakificha. "Hiki ni cha kwetu tu. Magimbi."

Yalikuwa magimbi ya kuchemsha, na pembeni mnafu uliotiwa karanga za kutwanga. Tukauliza swali letu la siku nzima, kama humo ndani kuna dagaa. Mama akacheka mpaka mjukuu naye akacheka. "Ningekuwa na dagaa wa kujipikia mimi, si ningewatia kwenye maharage ya wateja?"

Tulimweleza. Tulieleza vibaya, tukijikanyaga, mimi nikisema ni imani, mwenzangu akisema si imani, ni kuwaonea huruma wanyama. Alisikiliza kwa adabu. Mwisho akasema jambo moja tu: kwamba hawezi kumpa mgeni aliyetoka Dar es Salaam magimbi, watu watamwonaje? Ilibidi rafiki yangu aketi chini pale pale, nyuma ya turubai, ndipo mama akakubali kunawisha mikono.

Alikula sahani mbili. Nilionja na mimi. Mnafu ule ulikuwa na uchungu kwa mbali, karanga zikauficha halafu ukarudi mwishoni, na magimbi yalikuwa ya moto bado. Nilikuwa nimelipia nyama ambayo sikuimaliza.

Tulipotaka kulipa alikataa. Hicho hakikuwa cha kuuza, alisema, na hajui bei yake. Tukabishana kidogo, akapokea elfu moja kwa ajili ya karanga. Tulipokuwa tunaondoka alituita tena. Kama tutarudi gulio lijalo, alisema, tumpigie simu mapema, atatwanga karanga za kutosha na atatafuta magimbi ya Kikeo ambayo ni laini zaidi. "Lakini siku hiyo," akaongeza, "nitawauzia kwa bei ya nyama."

Rafiki yangu alisema sawa, bila kuomba punguzo. Kisha tukapata nafasi mbele kwenye Fuso lililojaa kabichi, tukateremka nazo kwenda mjini.